Maua ya Mpakani

Oktoba 2, 1956

Mvua bado. Nimeanza shajara hii kwa sababu kafyu ikishapigwa sina wa kuongea naye, na kuongea na kuta si tabia nzuri kwa mwalimu. Naandika Kiswahili makusudi. Homgadi, askari wa kijiji, wakiikuta waisome wenyewe mpaka wachoke, wasije wakasema Virginia Kaari, Mmeru wa Muthara, anaandika mambo ya siri kwa Kimeru huku ugenini Embu.

Shule yetu ni chumba kimoja cha udongo ndani ya kijiji hiki cha Emajensi, ambamo serikali imewazungushia watu handaki kwa sababu ya Mau Mau. Ilikuwa imefungwa miaka mitatu, ikafunguliwa Januari nami nikaletwa. Kila asubuhi nikiwakuta watoto wamekaa kwenye magogo yao nashusha pumzi. Bado tupo.

Oktoba 4

Memsahib, mkewe Bwana DO, mzungu mkuu wa tarafa, amepita na Land Rover akatuachia sanduku la chai lililojaa vitu kama vitunguu vikubwa. Ni matunguu ya maua. Anataka watoto wayapande, na kabla ya Krismasi yeye na Bwana watakuja kuyaona yamechanua. Hedmani Gichovi alikuwa amesimama nyuma yake na alisema "Yes, Memsahib" kabla mama wa watu hajamaliza kusema.

Gichovi ndiye mwenye kijiji hiki. Kafyu ni yake, pasi za kutokea ni zake, kazi ya lazima ni yake, na sisi pia ni wake. Bwana DO alimwachia neno moja kuhusu shule: ukiona siasa yoyote pale, niambie, nitaifunga siku hiyo hiyo. Gichovi hunikumbusha neno hilo kama mtu anavyokumbusha wageni kwamba ana ng'ombe.

Oktoba 5

Muriithi, mmoja wa wanafunzi wangu, amekula tunguu moja. Ametapika mpaka macho yakamtoka. Sasa wote wanaamini si vitunguu.

Oktoba 9

Somo la kupanda. Niliwapa mawe kwanza wajifunzie, maana watoto hawa wakishika kitu chenye thamani hawathubutu kukifukia. Niliwafundisha kwamba ncha ni pua na mizizi ni ndevu: pua juu, ndevu chini. Shimo liwe na kina kama kiganja. Usilikandamize kwa kisigino, funika kwa mkono. Wote waliimba pua juu, ndevu chini, mpaka homgadi wa langoni naye akaanza kuimba.

Kisha Marigu akanyoosha mkono. Marigu ni binti wa Igoki, mama ambaye bwana yake yuko kizuizini Mwea. Ni mtoto wa maneno machache, na akinyoosha mkono huwa najiandaa.

"Mwalimu, mizizi yake inaliwa?"

"Hailiwi. Muulize Muriithi."

"Majani inalishwa mbuzi?"

"Hapana."

"Sasa tunapanda ya nini?"

"Ya kupendeza."

Waliitikia wote kwa adabu, vile watoto huitikia mgeni akisema jambo la kipuuzi.

Oktoba 12

Mvua imeanza leo saa za mchana, kubwa na nzuri. Wanawake walikuwa shambani na waliimba wakirudi. Sikuwa nimesikia mtu akiimba hapa tangu nije.

Oktoba 15

Kiwanja cha shule hakifai. Udongo wote ni ule mwekundu wa kokoto uliotolewa kwenye handaki, na mvua ya wikendi imeubeba. Matunguu niliyopanda kwa mfano yamelala juu yakitutazama.

Kwa hiyo nimebadilisha mpango. Nimempa kila mtoto tunguu lake akalipande kwao. "Tafuta mahali pasipochimbwa na pasipokanyagwa," niliwaambia. Wawira, binti wa hedmani, akauliza, "Hata na ng'ombe?" Nikasema hata na ng'ombe, hata na jembe la mama yako. Yeye na Marigu wakatazamana. Hao wawili wanakaa gogo moja, na mmoja akikohoa mwingine anapangusa pua. Nashangaa Gichovi hajakataza.

Oktoba 22

Nimewauliza kama wamepanda. Wamepanda wote, Jumamosi mama zao walipopewa ruhusa ya kutoka kwenda kwenye mashamba yao ya zamani huko ng'ambo ya mto. Wapi? "Mpakani, mwalimu." Na wewe? "Mpakani." Darasa zima mpakani. Niliwasifu kwa kukubaliana. Huko kwetu Muthara mpaka ni uzio wa miiba na mawe, mahali pazuri tu pa kupanda ua.

Oktoba 31

Mvua. Matope. Chaki imelowa.

Novemba 6

Watoto wanasema yamechipua. Muriithi anadai lake limeota masikio. Nimefurahi kama mtu aliyejifungua.

Novemba 13

Leo nimeogopa. Nitaandika taratibu ili nielewe mwenyewe.

Asubuhi Gichovi aliingia darasani bila kubisha, kofia kichwani, akaniita nje. Nikamwambia niko katikati ya hesabu. Akasema hesabu itangoja.

"Mwalimu, hii maua yako imeleta maneno."

"Maneno gani, Hedmani?"

"Iko mbili kwa shamba yangu. Moja juu, moja chini. Katikati ya mahindi yangu. Imesimama kama askari."

Nikasema basi yang'olewe, shida iko wapi. Alinitazama kama nimemwambia amng'oe mama yake kaburini.

Ndipo akanieleza, nikajua. Hapa watu hupanda kwenye mipaka yao ua wanaloliita itoka. Tunguu lake ni kubwa, majani yake mapana, na halichimbwi wala halikanyagwi. Baba na baba, nyumba na nyumba, wanasimama pamoja wakalipanda, na baada ya hapo halisogezwi ila kwa wazee na kondoo wa kuchinjwa. Anayeling'oa peke yake, wanasema, ugonjwa unamfuata mpaka kwa wajukuu. Mimi nimewapa watoto thelathini matunguu yanayofanana nalo na kuwaambia watafute mahali pasipochimbwa na pasipokanyagwa. Mahali kama hapo wanajua ni mpakani tu. Walinitii kabisa.

Kwa wengine hakuna neno, mipaka yao haina ugomvi. Lakini shamba la Gichovi linapakana na la Igoki. Trakta ya serikali ilipokata barabara ya kwenda kwenye kituo cha homgadi ilizoa itoka za pale zote, na trakta haina wajukuu. Bwana wa Igoki alikuwa ameshachukuliwa kizuizini. Gichovi akalima, akavuka kidogo, msimu uliofuata akavuka tena. Hakuna aliyesema. Sasa ghafla mstari umerudi, na nyuma ya mstari huo, upande wa Igoki, kuna kipande kizuri cha mahindi ya hedmani yamefika magotini.

Aliwaambia homgadi wake wakang'oe. Mmoja mgongo unamuuma. Mmoja mke wake ni mjamzito. Wa tatu alisema wazi, "Hedmani, nipe Mau Mau, hiyo nitapiga. Hii hapana."

"Lakini wewe ni Mmeru," Gichovi aliniambia. "Haikujui. Ng'oa wewe, maneno iishe."

"Na nisipong'oa?"

"Watoto wa shule wamepanda mipaka kwa mashamba ya watu. Hiyo ni siasa. DO atakuja na Memsahib Desemba. Kama nitakuta hiyo maua bado, mimi nitasema, na shule itafungwa."

Aliondoka. Nikarudi darasani nikakosea kujumlisha saba na nane, na hakuna mtoto aliyenisahihisha. Walikuwa wamesikia.

Novemba 14

Nimekasirika. Jana niliogopa, leo nimekasirika, ni afadhali. Mtu ana bunduki, ana kofia, ana askari, na anaogopa jani. Kisha anataka mimi ndiye nimtolee.

Novemba 15

Mvua. Marigu na Wawira wamekaa magogo tofauti.

Novemba 17

Jumamosi. Nimetoka na wanawake, jembe begani. Sitajidanganya humu: nilikwenda kung'oa. Usiku wote nilikuwa nahesabu upande huu kipande cha shamba, upande ule shule nzima, na shule ilizidi.

Igoki alikuwa amefika. Ni mwembamba, mrefu, ana sauti ya mtu anayebembeleza mtoto hata akinunua chumvi. Aliona jembe, akajua. Tulisimama pale kwenye tunguu la juu. Lilikuwa limetoa majani manne ya kijani kibichi na katikati shina nene lenye ncha.

"Ng'oa, Mwalimu," alisema.

"Mama Marigu, hutaki shamba lako?"

"Nalitaka. Baba Marigu akirudi ataniuliza liko wapi. Lakini shamba itangoja. Mtoto haingoji. Marigu alikaa miaka tatu bila kusoma. Akikaa tena tatu, ataanza lini, akiwa na mtoto mgongoni?"

"Watu watasema nini?"

"Watasema ni Mmeru alifanya," akacheka kidogo. "Hiyo hata wewe unaweza kubeba."

Nikainua jembe. Mimi ni Mmethodisti, nimefunzwa kwenye misheni ya Kaaga, siamini kwamba ua linaweza kumfuata mjukuu wangu, ambaye hata babu yake hajanioa. Lakini niliona jinsi lilivyopandwa. Shimo la kiganja. Udongo uliofunikwa kwa mkono, si kwa kisigino. Pua juu. Ni kazi niliyoifundisha mwenyewe, imefanywa kwa makini na mtoto aliyeniuliza tunapanda ya nini, naye akajitafutia jibu bora kuliko langu.

Nikashusha jembe. Nikamsaidia Igoki kupalilia maharagwe mpaka tukapigiwa filimbi ya kurudi. Nikirudi niliona aibu mbele yake, maana yeye alikuwa tayari kutoa na mimi ndiye niliyeshindwa kupokea.

Novemba 19

Nimemwendea Gichovi kituoni kabla ujasiri haujapoa.

"Hedmani, mimi sing'oi. Kama ni mpaka, mimi si mtu wa kuutoa. Kama si mpaka, wazee waseme, na hata mtoto ataling'oa ua hilo. Waite wazee."

Nilifikiri atanifukuza. Badala yake akafikiri, akatabasamu.

"Sawa. Wazee waje. Tangu nivae hii kofia hawajanipinga hata mara moja." Akanielekeza kidole. "Na ulete watoto wote. Wasikie vizuri, wajue mpaka si mchezo."

Nimefanya nini?

Novemba 22

Nimefundisha wimbo wa Krismasi. Kama tunafungwa, tufungwe tukiimba.

Novemba 24

Shule iko. Naandika hilo kwanza, ili hata mikono ikichoka niwe nimeliandika. Shule iko.

Tulikwenda sote shambani, darasa langu mbele mbili mbili, wanawake nyuma, homgadi pembeni. Wazee walikuwa wanne. Msemaji wao ni Mzee Nthiga, mtu mwepesi wa hasira mwenye goti baya, aliyekalia karai lililopinduliwa na kulalamika kwamba ameitwa kwa ajili ya kitunguu. Alilitazama lile ua. Akalikuna kwa kucha, akanusa.

"Hii si itoka," akasema. "Ni ya wazungu."

Gichovi akasema ndiyo, Mzee, si itoka.

"Nyamaza kwanza. Mpaka si jani. Hata jiwe ni mpaka kama limewekwa vizuri. Nataka kujua liliwekwa vipi." Akageukia upande wa Igoki. "Siku ya kupanda, kwa nyumba hii alikuwepo nani?"

"Sikuwepo, Mzee," Igoki alisema. "Nilikuwa chini kule nikipanda maharagwe. Niliona baadaye."

"Na kwa nyumba hii nyingine?"

"Hakuna," alisema Gichovi. "Mimi nilikuwa kituoni. Nyumba moja haiwezi kupanda mpaka. Mzee mwenyewe anajua."

Mzee Nthiga akakubali kwa kichwa. Alikuwa anajua. Neno lile lilikuwa la haki kwa kawaida yao, na kawaida yao ndiyo niliyoiita.

Ndipo mkono ukanyooshwa katikati ya darasa, kama tuko shuleni.

"Tulikuwa wawili," akasema Marigu.

"Wewe na nani?"

Marigu akafunga mdomo. Hakumtaja. Nilimwona anavyobana midomo mpaka ikawa myeupe, na kando yangu Wawira akaanza kulia, kisha akatoka mwenyewe kwenye mstari, kamasi na yote.

"Na mimi," akasema. "Ile ya juu ni ya Marigu. Ile ya chini ni yangu. Mwalimu alisema pasipokanyagwa."

Gichovi alimtazama binti yake.

"Lako si ulipanda nyuma ya nyumba?"

"Pale mbuzi inapita, Baba."

"Na nani alikuambia mpaka iko hapa? Mama yake?" Akamwonyesha Igoki kwa fimbo. "Nani alikuonyesha?"

"Ni wewe, Baba."

Akajipangusa kamasi kwa mkono, akaendelea.

"Nilikuwa mdogo. Nilienda kuokota kuni kwa kina Marigu. Ukanipiga hapa." Akajishika mguu. "Ukasema, hapa ndipo kwetu inaisha, usivuke tena, hiyo ni ya watu. Mimi sikuvuka tena."

Homgadi mmoja alikohoa. Ni yule wa mgongo. Mzee Nthiga alianza kuinuka kutoka kwenye karai, akashindwa, akanyoosha mkono bila kumtazama mtu, na Gichovi mwenyewe ndiye aliyemshika akamwinua. Wakasimama hivyo wameshikana, mzee na hedmani.

"Nyumba mbili zilikuwepo," Mzee Nthiga alisema. "Kila mmoja na lake. Mpaka umesimama. Mimi nimemaliza, nataka kurudi, mvua hiyo inakuja."

Nilingoja Gichovi alipuke. Alitazama chini, pale kwenye mahindi yake yaliyovuka. Sijui aliona nini. Mimi nafikiri alijiona akiwa kijana bila kofia, akimchapa mtoto kwa sababu amechukua kuni za jirani, na akaona kwamba yule mtu alikuwa bora.

"Mahindi iliyovuka ni ya Igoki," alisema mwishowe. "Avune yeye." Kisha akanigeukia, na nikajua sasa ni zamu yangu. "Mwalimu."

"Hedmani."

"Shule iendelee. Lakini ufundishe hesabu."

Mvua ilitunyeshea njia nzima. Watoto walikimbia. Mimi nilitembea polepole, nikalowa mpaka ndani, na nilikuwa nacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Novemba 26

Gogo moja tena. Wamechapana kidogo asubuhi, halafu wakagawana kiazi. Mungu ni mwema.

Desemba 1

Nafuu ni kitu cha ajabu, inakuja na njaa. Nimekula ugali wa watu wawili. Bado nina wasiwasi kidogo: Gichovi alisema mbele yetu, lakini sisi ni nani? Kesho Gichovi anaweza kubadili neno akalima tena, na nani atasimama aseme? Igoki analijua hilo. Hathubutu kuyagusa yale mahindi. Anapalilia maharagwe yake tu na kuyatazama kwa mbali.

Desemba 7

Wamekuja leo, Bwana DO na Memsahib, gari limejaa matope mpaka kwenye madirisha. Watoto waliimba. Memsahib alizunguka kiwanja chetu chekundu kitupu, akazunguka tena, kisha akaniuliza maua yako wapi. Niseme nini? Yako mashambani, kwenye mipaka, na mipaka ni siasa?

Gichovi alijitokeza mbele yangu.

"Memsahib, iko. Kuja nikuonyeshe."

Akatuongoza nje ya lango, tukavuka mto kwa magogo, Memsahib ameinua sketi, Bwana DO anauliza ni mbali kiasi gani. Lile la juu lilikuwa limechanua, maua mawili makubwa mekundu kwenye shina moja katikati ya mahindi. La chini ndiyo kwanza linafunguka. Memsahib akapiga makofi. Akasema ni mazuri sana, lakini kwa nini yamepandwa hapa katikati?

Gichovi alivua kofia. Nilidhani anafuta jasho.

"Hii ni mpaka," alimwambia Bwana DO, na alisema kwa nguvu, vile anavyosoma amri. "Upande hii ni yangu. Upande ile ni ya Igoki. Watoto yetu wawili wamepanda."

"Igoki ni nani?"

"Ni huyu. Jirani yangu. Bwana yake iko Mwea. Hii shamba ni yake na mahindi ni yake."

Bwana DO alimtazama Igoki, akatazama ua, akasema, "Good. Vizuri sana," na kuuliza kama Januari shule itahitaji madawati. Nikasema itahitaji. Akasema ataona. Wakaondoka, Gichovi nyuma yao amevaa kofia yake tena.

Igoki alikuwa ameinama kwenye maharagwe wakati wote. Hakuwa ameinuka hata alipotajwa. Nilipomfikia nikaona analia na kucheka pamoja, mikono imejaa udongo, hana cha kujipangusia. Nikampa kitambaa changu.

"Umesikia, Mwalimu?" alisema. "Amesema mbele ya serikali."

Kisha akaweka jembe chini, akavuka akaingia kwenye yale mahindi kwa mara ya kwanza, akashika hindi moja bichi, akalipasua ganda kwa kidole gumba kuona kama limejaa. Lilikuwa bado. Akasema atangoja, sasa anaweza kungoja.